Anayekesha kando ya aliyelala

Desemba 1951, katika jengo liitwalo Abbott Hall, Chuo Kikuu cha Chicago, baba mmoja alimbandika mwanawe elektrodi kichwani na kandokando ya macho, akamlaza, akafunga mlango, kisha akaenda kukaa chumba cha pili mbele ya mashine kuukuu ambayo wenzake walishaisahau. Baba huyo aliitwa Eugene Aserinsky, mwanafunzi wa uzamivu ambaye hakuwa na hata shahada ya kwanza. Mtoto alikuwa Armond, mwenye miaka 8. Mashine ilichora kwa kalamu za wino juu ya karatasi inayotembea, na usiku mmoja tu uliweza kula karatasi ya karibu mita 800. Saa zikaenda. Ghafla kalamu zikaanza kurukaruka, zikichora macho ya mtu anayetazama huku na huku. Aserinsky akadhani mtoto ameamka. Akanyanyuka, akaingia chumbani. Armond alikuwa amelala fofofo, na chini ya kope zake mboni zilikuwa zinakwenda mbio.

Ndivyo ulivyojulikana usingizi wa ndoto, ule ambao wataalamu wanauita REM. Msimamizi wa Aserinsky, Nathaniel Kleitman, aliyekuwa akiutafiti usingizi tangu miaka ya 1920, hakukubali kwa maneno matupu. Alitaka aone mwenyewe, na aliyelazwa safari hiyo alikuwa Esther, binti yake wa kumzaa. Septemba 1953 wakachapisha makala ya kurasa mbili katika jarida la Science. Waliwaamsha watu mara 27 macho yao yakiwa yanakimbia, na mara 20 wakasimulia ndoto waziwazi. Walipowaamsha mara 23 macho yakiwa yametulia, mara 19 hawakukumbuka chochote.

Naipenda habari hii kwa sababu ya yule baba kwenye kiti. Karibu kila tunachokijua kuhusu usingizi tumekipata kwa kuwa kuna mtu alikubali kukosa wake ili amwangalie mwingine akilala. Aliyelala hawezi kujitolea ushahidi. Akiamka atasema "nimelala vizuri" au "sikufumba jicho", na mara nyingi mawimbi ya ubongo wake yanamkanusha. Shahidi ni yule aliyekesha. Jambo hili nililielewa vizuri pale ugonjwa ulipoingia kwetu.

Mtoto wa dada yangu alianza kupata degedege za usingizini akiwa darasa la pili. Zilikuja alfajiri, au muda mfupi tu baada ya kulala. Mdomo ulimpinda upande mmoja, mate yakamtoka, shavu na mkono vikatetemeka, huku akijaribu kusema neno na sauti ikikwama kooni. Dakika moja, mbili, kisha kimya, na asubuhi anaomba chai kama kawaida. Tangu siku ya kwanza dada hakulala tena peke yake. Alihamia chini, godoro likawekwa sambamba na kitanda cha mtoto, mkono wake mmoja ukiwa juu ya mguu wa mwanawe ili ukitetemeka aujue. Hali hiyo ilimmaliza mwili. Nilipokwenda kumtembelea nilimkuta amekonda, macho yamemwingia ndani, anapika maharage huku anasinzia.

Daktari akaagiza kipimo cha mawimbi ya ubongo, EEG, na akataka kifanyike mtoto akiwa usingizini, kwa sababu yapo matatizo ya ubongo yanayojificha mchana na kujitokeza mtu anapolala. Ili alale pale hospitalini, ilibidi anyimwe usingizi usiku wa kuamkia kipimo. Tuliambiwa asilale kabla ya saa 6 usiku, aamshwe saa 9, na asisinzie hata ndani ya gari. Kichwa kioshwe kwa sabuni, kisipakwe mafuta.

Kumzuia mtoto anayeumwa asilale ni kazi inayochoma roho. Tulicheza karata, tukapika uji saa 10 alfajiri, tukamtembeza uani gizani tukihesabu taa za jirani. Kulipokaribia kupambazuka alianza kulia kwa uchovu. "Mama mdogo, dakika moja tu. Nafumba macho, sitalala." Dada aligeukia ukutani ili mtoto asimwone. Mimi nilimshika mkono yule mtoto tukaendelea kutembea.

Kijana aliyetupokea chumba cha kipimo alikuwa na mikono mitaratibu. Alichukua tepu ya fundi cherehani, akapima kuanzia kishimo cha juu ya pua hadi kinundu cha kisogoni, kisha sikio hadi sikio, akapiga mahesabu, akatia alama kichwani kwa penseli nyekundu. Vituo vya elektrodi hupangwa kwa asilimia 10 na 20 za vipimo hivyo, utaratibu uliochapishwa na Herbert Jasper mwaka 1958 ili kichwa kinachopimwa Montreal kiweze kulinganishwa na kinachopimwa Dar es Salaam. Kila palipo na alama alisugua ngozi kwa dawa yenye chengachenga, akajaza kikombe kidogo cha chuma kwa gundi nyeupe, akakibandika na kukikandamiza kwa kidole mpaka kishike. Dada alikuwa ameshika mkoba wake kwa nguvu. Hatimaye akauliza lile lililomkosesha amani wiki nzima: huo umeme hautamdhuru mtoto?

"Mama, hii haiingizi umeme," alijibu yule kijana bila kuacha kazi. "Inasikiliza tu. Umeme anao yeye mwenyewe."

Na ni umeme mdogo mno. Betri ya tochi ina volti 1.5, ilhali mawimbi yanayofika kwenye ngozi ya kichwa hupimwa kwa sehemu za milioni za volti, makumi tu ya sehemu hizo, mara chache zaidi ya mia. Kukunja uso kunatosha kuyafunika. Yanatoka kwenye tabaka la juu la ubongo, kwa seli zilizosimama sambamba na kupokea ishara kwa pamoja. Ndiyo maana aliye macho, ambaye seli zake kila moja ina shughuli yake, anachora mawimbi madogo ya haraka, na aliyezama usingizini anachora milima mikubwa ya polepole. Ukisimama mbali na soko la Kariakoo asubuhi unasikia mvumo tu, kwa kuwa kila mtu anasema lake, lakini uwanjani timu ikifunga bao, koo zote zinapanda pamoja na sauti inafika mtaa wa pili. Milima ile ya usingizi mzito ni seli zinazopanda na kushuka kwa pamoja, chini ya mara 4 kwa sekunde, mara nyingi hata chini ya 2.

Mtoto aliambiwa afumbe macho. Upande wa kisogoni mistari ikaanza kutoa mawimbi yaliyolingana, karibu mara 9 kwa sekunde. "Fumbua." Yakatoweka. "Fumba." Yakarudi. Mtoto mwenyewe alicheka kusikia kuwa kichwa chake kinafanya hivyo. Kisha taa ikazimwa, na hakuchukua muda. Mawimbi yale yaliyolingana yakameguka, mistari ikalala, halafu ikatokea mishtuko mifupi ya mawimbi ya kasi inayovimba katikati na kunywea pembeni, alama ya kuwa mtu ameshavuka mlango wa usingizi. Ndipo upande wa kushoto, juu ya sikio, vikaanza kuchomoza vichwa vikali kama ncha ya sindano. Kimoja. Kingine. Kisha vingi mfululizo, mtoto akiwa ametulia kabisa, anapumua vizuri, mkono mmoja chini ya shavu. Dada aliuliza ni nini hivyo.

"Daktari atasoma, mama," kijana alisema, akaweka alama kwenye rekodi na kutazama saa.

Ilisomwa kuwa ni kifafa cha utotoni kiitwacho rolandiki, kwa jina la Luigi Rolando, Mwitalia aliyechunguza ubongo. Huanza mtoto akiwa na miaka kati ya 3 na 13, degedege zake hupenda kuja usingizini, na kwa walio wengi huisha kabla ya kutimiza miaka 16. Dada alirudia namba hiyo ndani ya daladala kwa sauti ndogo, njia nzima.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila nilichokipata juu ya mawimbi haya na watu walioyatafuta, na nimekutana na habari iliyonikosesha amani kwa muda mrefu.

Aliyeyachora kwa mara ya kwanza kwa binadamu alikuwa Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani. Mwaka 1875 Richard Caton wa Liverpool alikuwa ameshaonyesha kuwa ubongo wa sungura na kima una umeme. Kilichomsukuma Berger kilikuwa tukio la ujanani. Alikuwa askari wa farasi mjini Würzburg. Farasi wake akamwangusha mbele ya gari linalokokota mzinga, na gurudumu likasimama likiwa karibu kumsaga. Jioni ileile ilimfikia telegramu kutoka kwa baba yake ikiuliza kama yu mzima. Dada yake, aliyekuwa nyumbani mbali, alishikwa na hofu ya ghafla juu ya kaka yake na kumsihi baba apeleke salamu. Berger aliamini kuwa woga wake ulisafiri hadi kwa dada yake, na akatumia maisha yake kuitafuta nguvu hiyo ndani ya ubongo.

Hakuipata. Badala yake, mwaka 1924, alipata mstari unaotetemeka. Alikaa nao kimya miaka 5, akirudia vipimo baada ya saa za kazi, akihofia kuwa huenda anachokiona ni mapigo ya moyo au mtikisiko wa chombo. Mmoja wa aliowapima mara nyingi alikuwa mwanawe, Klaus. Alipochapisha mwaka 1929 wengi hawakumjali, hadi Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge waliporudia kazi yake mwaka 1934 na kukiri kuwa ni ya kweli.

Ningependa habari iishie hapo, baba mwingine kando ya mwanawe. Lakini Julai 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuwafunga kizazi kwa nguvu watu waliosemwa kuwa na magonjwa ya kurithi, na kifafa cha kurithi kilitajwa humo kwa jina lake. Kesi ziliamuliwa na mahakama maalumu, ambamo madaktari walikaa pamoja na hakimu. Berger alikuwa miongoni mwa madaktari walioketi katika mahakama hiyo mjini Jena. Alijiua Juni 1941.

Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu. Chombo kilichomwokoa mtoto wetu na miaka ya kubahatisha kilizaliwa mikononi mwa mtu ambaye, kwa mtoto wa mwingine mwenye ugonjwa wa jina hilohilo, alikubali kuwa hakimu. Hakuwa mjinga wala hakukosa upole. Aliwahi kukaa jioni nyingi akimtazama Klaus kwa uangalifu. Nadhani hapo ndipo penye somo gumu. Aliyelala, na aliyeanguka kifafa, wote wawili wamejikabidhi bila kuulizwa. Hawawezi kusema neno, hawawezi kujifunika. Anayewatazama wakati huo ana mamlaka yote juu yao, na elimu peke yake haimwambii ayatumie vipi.

Hapa kwetu hatujawahi kuwa na sheria ya namna ile, ila tuna yetu. Tunaogopa mate ya mwenye kifafa, tukidhani yanaambukiza, wakati hayaambukizi hata kidogo. Kwa imani hiyo wako watoto walioangukia moto wa jikoni na hakuna mkono ulionyooshwa kuwatoa. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyetoka Norway na kuanzisha kliniki ya kifafa Mahenge karibu na mwaka 1960, aliwakuta wagonjwa wakila peke yao na kulala peke yao. Shule aliyosoma mtoto wa dada ilitaka ahamishwe "mpaka apone". Dada alipeleka barua ya daktari, akarudi tena, na mara ya tatu nilifuatana naye. Aliyetusaidia hatimaye alikuwa mwalimu wa darasa, mama mmoja mpole aliyeuliza swali moja tu: akianguka, mimi nifanye nini? Akajifunza kumlaza ubavu, kulegeza ukosi wa shati, kutomtia kijiko mdomoni, kuangalia saa, na kubaki naye hadi aamke. Hilo la mwisho alilisema yeye mwenyewe, kabla hatujamwambia.

Kubaki naye. Nimeanza kuamini kuwa usingizi wenyewe umejengwa juu ya jambo hilo, na kwamba mawimbi yanalionyesha.

Miaka ya 1930 Alfred Loomis, tajiri wa benki aliyejijengea maabara Tuxedo Park, New York, alikuwa wa kwanza kuugawa usingizi katika hatua kwa kufuata mawimbi. Yeye na wenzake waliona kuwa sauti ndogo chumbani huibua wimbi moja kubwa kichwani mwa aliyelala, bila yeye kuamka wala kujua. Mwaka 1960, nchini Uingereza, Ian Oswald na wenzake waliwasikilizisha waliolala kanda yenye majina mengi ya watu. Jina la mtu mwenyewe liliibua wimbi hilo mara nyingi kuliko majina ya wengine. Kwa hiyo ndani ya usingizi kuna bawabu anayesikiliza na kuchagua, na analijua jina lako.

Bawabu huyo huongezewa kazi mtu anapolala ugenini. Mwaka 2016 Masako Tamaki na Yuka Sasaki wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha kuwa usiku wa kwanza mahali pageni, nusu ya kushoto ya ubongo hulala nusunusu. Mawimbi yake ya polepole hupungua nguvu, na mlio mdogo wa ajabu unaosikiwa na upande huo humwamsha mtu upesi zaidi. Walipolala pale kwa mara ya pili, tofauti hiyo haikuonekana. Niliposoma hilo nilimkumbuka mama mzazi wetu, marehemu, ambaye kila alipokuja mjini alilalamika kuwa usiku wa kwanza "nimelala mang'amung'amu". Sisi watoto tulidhani anaudharau mji wetu.

Wengi wenu mnalijua jinamizi. Unazinduka, unaona chumba, unasikia feni, lakini mwili haukutii na kuna uzito kifuani. Michel Jouvet wa Lyon alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa paka, kuwa katika usingizi wa ndoto misuli hulegezwa kabisa ili mwili usiigize ndoto. Mara chache akili huamka kabla kulegea huko hakujaisha, na vipimo vya watu waliopatwa na hali hiyo vinaonyesha mawimbi ya aliye macho ndani ya mwili ambao bado umefungwa. Mwaka 1995, hofu ya popobawa, jini linalosemwa kuwavamia waliolala, ilipoenea Pemba na Unguja, watu walitoka majumbani na kulala nje kwa makundi, moto ukiwaka, wengine wamelala na wengine wako macho. Zimeandikwa kejeli nyingi juu ya usiku ule. Mimi naona busara ndani yake: waliogopa usingizi, wakaupeleka mahali penye wenzao.

Busara hiyo ni ya kale. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao kwa Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi. Watu wazima 33 walivaa mkononi kifaa kinachorekodi mwendo, siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Daima kulikuwa na mtu macho: mzee aliyewahi kulala na kuwahi kuamka, kijana aliyechelewa kulala, mama anayenyonyesha, mtu anayechochea moto. Hakuna aliyepangwa zamu. Kifaa cha mkononi hakisomi ubongo, lakini kwangu kinakamilisha kile ambacho elektrodi zimeanza kukisema. Ubongo wa binadamu ulijifunza kuzama kwenye usingizi wa pono ukiwa katikati ya watu, ukijua, kwa njia ya kujua ambayo haihitaji fikra, kuwa kuna mwingine anasikiliza.

Na kuzama huko ni muhimu. Wasomaji wa rekodi za usiku huzigawa vipande vya sekunde 30, mazoea yaliyobaki tangu enzi za karatasi, wakati ukurasa wa sentimita 30 ulipita kwa mwendo wa sentimita moja kwa sekunde. Saa 8 za usingizi ni kurasa 960. Ukizipitia unaona usiku una umbo. Mizunguko ya karibu dakika 90 inafuatana. Milima ya usingizi mzito imejaa theluthi ya kwanza, wakati homoni ya ukuaji inapomwagwa kwa wingi. Ndoto zinarefuka kuelekea alfajiri. Mtu anayekatiwa usiku mapema hupoteza sana ndoto, na anayezuiwa kuzama mwanzoni hukosa ule mzito.

Dada alikosa vyote viwili. Baada ya majibu kutoka nilimwomba anipe usiku wa Ijumaa na Jumamosi, nilale mimi kwenye lile godoro. Alikataa kwanza. Alisema ataamka tu. Ijumaa ya kwanza kweli aliamka mara kwa mara, akaja mlangoni kuchungulia, nikamwambia kila mara, "Dada, nipo." Baada ya wiki kadhaa akaacha kuja. Asubuhi moja nilimkuta bado amelala jua limeshapanda, mtoto ameshakula, na nikamkataza yeyote kumwamsha.

Limebaki jambo moja ambalo ningependa majirani zangu walisome. Mtaani kwetu yupo mlinzi anayelinda nyumba zetu kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, kisha anakwenda kulala kwenye chumba cha mabati kando ya mashine ya kusaga. Usingizi wa mchana ni mfupi kuliko wa usiku hata kwa mwenye chumba kizuri, kwa kuwa mwili una saa yake na inamwambia ni wakati wa kuwa macho. Miezi michache iliyopita jirani mmoja alimpiga picha amesinzia getini saa 10 alfajiri, akairusha kwenye kundi letu la WhatsApp, na maneno yaliyofuata sitayarudia.

Nchini Sweden, miaka ya 1980, Lars Torsvall na Torbjörn Åkerstedt waliwafunga elektrodi na vinasa vya kubeba madereva wa treni na wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi, wakawarekodi wakiwa kazini usiku. Kuelekea alfajiri mawimbi ya usinziaji yaliongezeka, macho yakaanza kuzunguka polepole, na baadhi yao walilala kabisa katikati ya zamu, na wapo madereva waliosinzia treni ikiwa inakwenda. Walikuwa watu waliofunzwa, wenye ajira na nidhamu. Ubongo ulichukua ulichonyimwa. Mlinzi wetu hana kosa ambalo mwili wa yeyote kati yetu usingelitenda saa ileile kwenye kiti kilekile.

Niliyaandika hayo kwenye kundi, kwa urefu zaidi ya ilivyo kawaida ya kundi lile. Kisha mjumbe na mimi tukaenda kumuuliza mzee mwenyewe anahitaji nini. Nilitarajia aombe blanketi au chupa ya kahawa. Aliomba mwenzake, wapokezane: mmoja alale hadi saa 8 usiku, mwingine kuanzia hapo hadi kupambazuke. Alishafikiria hata bei, na kijana wa kumfaa anamjua. Mjumbe amepiga hesabu ya nyongeza ya mchango kwa kila nyumba. Wengi wamekubali. Wachache waliobaki nitawapitia mmoja mmoja Jumapili hii.